Mahari Yangu Iko Mokowe

"Gari?" baba akauliza. "Umesema gari?"

"Gari, baba. Lile lake la buluu. Mahari yangu ni hilo, sitaki kingine."

Baba yangu, Bwana Abdulqadir, alisimama mlangoni mwa chumba changu, tasbihi imemganda mkononi. Msikitini sheikh keshakaa, bwana harusi keshakaa, halua ishafunuliwa, na wote wangojea neno moja kutoka kwangu. Mahari ni haki ya bibi harusi kuitaja, na mimi haki yangu nilikuwa nimeifumbata makusudi mpaka saa hiyo.

"Thuwaiba, mwanangu, wenzako hutaka dhahabu. Hutaka Msahafu. Wewe gari utalitia wapi? Utalipandisha ngazi?"

"Likae huko huko Mokowe lilipo. Bora liwe langu lisiwe lake."

Shangazi yangu Kulthum, aliyekuwa akinipangia asumini kichwani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mpelekee ujumbe, kaka, usisimame hapo," akamwambia baba. "Huyo mtu wa Siyu akilitoa, basi ampenda kweli. Asipolitoa, twala halua yetu na yeye ashike ndia yake."

Baba akashuka ngazi akisema astaghfirullah kila daraja.

Niwaeleze nyinyi msioijua Amu, kisiwa mnachokiita Lamu. Sisi hapa gari hatuna haja nalo. Tuna punda, tuna boti, tuna miguu. Ndia zetu, punda wawili wakikutana, mmoja lazima afikirie. Mtu wa Amu akinunua gari hulilaza ng'ambo, Mokowe, kisha huvuka kwa boti kwenda kulitazama kama mgonjwa wa hospitali. Na Amjad, mchumba wangu, mzaliwa wa Siyu, kijiji cha kisiwa jirani, aliyesoma Mombasa akarudi kufanya kazi bandari mpya ya bara, alikuwa nalo: Subaru kuukuu la buluu, amelilaza chini ya mwarobaini nyuma ya duka la rafiki yake Musab.

Siku za kazi alikwenda nalo bandarini. Hapo sina neno. Ugonjwa ulikuwa Jumamosi. Jumamosi alilipeleka gari lile lile mbele ya Witu, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege cha shamba moja lililokufa. Huko walikutana wanaume wazima kutoka Malindi na Mombasa, kila mmoja na gari lake la kwendea kazini na sokoni, wakavaa makofia ya chuma, wakazunguka. Tulipokuwa wachumba nilimuuliza kwa simu.

"Kuna zawadi?"

"Hakuna."

"Mwashindana?"

"Hatushindani. Ni siku ya kila mtu na gari lake tu."

"Na mwaenda wapi?"

"Twazunguka."

"Halafu?"

"Halafu twarudi tulipoanzia."

"Amjad, ngamia wa kinu cha ufuta naye hufanya hivyo hivyo. Lakini yeye hutoa mafuta."

Akacheka, tena kwa raha, kama nimemsifu. Mimi mtu nikimtukana nataka atukanike.

Na si mimi pekee. Kaka yangu Famau, mwenye duka la vitambaa na ulimi wa kinyozi, ndiye aliyekuwa imamu wa kejeli. Kila Amjad akipita barazani, Famau humuuliza kwa sauti:

"Shemeji! Jumamosi umefika wapi?"

Na baraza zima huitikia:

"Pale paleee!"

Basi mimi nikaona aibu ya nini? Gari nitalitaja mahari, liwe langu, life kifo cha heshima chini ya mwarobaini.

Baba alirudi kutoka msikitini uso umembadilika.

"Amekubali."

"Amesema nini?"

"Amesema ni haki yako. Akatoa funguo mfukoni akaziweka juu ya sahani ya halua. Hakuuliza mara mbili."

Vigelegele vikapasuka nyumba nzima. Mimi nilinuna. Nilitaka angalau ababaike kidogo.

Sasa tazameni hesabu ya mume wangu. Kwetu mtaani Mkomani nyumba ni ya mwanamke. Baba alinipa orofa ya juu, juu ya kichwa chake na cha Famau, na Amjad akaingia na begi moja la nguo. Nyumba yangu, kitanda changu, mlango wa nakshi wangu, na sasa hata gari langu. Katika fungate nikamuuliza, tumekaa tunakula mkate wa mayai.

"Uliumia?"

"Niliumia."

"Mbona hukusema?"

"Nikikuambia utanitajia ngamia."

Nikacheka. "Haya, sitamtaja. Nieleze raha yake. Mbona usikodi gari la mbio la kweli, kama ni mbio uzitakazo?"

Akaweka mkate chini. Mtu huyu ukimtajia gari hawezi kula.

"La kukodi lina mwendo, halina raha. Raha ni lile lile linalokupeleka kazini. Wajua likikohoa asubuhi, wajua breki zake zashika wapi kwa sababu ulizifunga mwenyewe. Siku zote wewe waendesha kwa adabu. Mpishe mbuzi, mpishe askari, mpishe mwenye haraka zake. Halafu siku moja wapata lami tupu, huna wa kumpisha. Waliuliza gari lako, hivi wewe ni gari gani hasa? Nalo lakujibu. Na wewe nawe wajijua ni mtu gani."

"Na likikujibu vibaya?"

"Umevunja chako, si cha mtu. Ndiyo maana mtu hushika akili."

"Maneno mengi kwa kuzunguka."

"Ndiyo hivyo, Bi Thuwaiba. Sasa si langu. Hata ukinipa ruhusa, pale sitalipeleka. Cha mtu ni cha mtu."

"Apa."

"Wallahi, pasi na ruhusa yako sitaligusa."

Nikalala usingizi wa ushindi. Baada ya fungate nilivuka Mokowe, nikachana kipande cha leso yangu nyekundu, nikakifunga kwenye kioo cha ndani cha gari ili kila mtu ajue mwenyewe nani. Funguo nikazitia sandukuni chini ya dhahabu zangu. Mume wangu akawa anakwenda bandarini kwa bodaboda, arudi na vumbi mpaka kwenye kope, na Famau barazani akapata wimbo mpya kila juma.

Siku zikapita. Nilianza kumpenda, msinicheke. Alikuwa hapandishi sauti, na Jumamosi alikwenda kwao Siyu kumsaidia mama yake shamba la ufuta. Nikajiambia, mtu amepona.

Hata ikaja WhatsApp ya rafiki yangu Fahima, aliyeolewa Malindi.

"Thuwaiba hii si Subaru yako? Mume wangu kairekodi jana huko Witu."

Nikaifungua video. Gari la buluu lakata kona, matairi yalia, vumbi kama mtu amepepeta unga. Ndani kuna mtu na kofia la chuma, uso hauonekani. Lakini kwenye kioo leso yangu nyekundu yacheza ngoma.

Nikamshukia shangazi Kulthum na simu mkononi.

"Aliapa, shangazi! Aliapa kwa Mungu!"

Shangazi akaitazama video mara mbili, akasonya.

"Usimuulize."

"Nisimuulizeje?"

"Mume ukimuuliza hukupa jibu. Mfumanie. Mato yako ndiyo kadhi wako."

Jumamosi iliyofuata Amjad akaaga asubuhi. "Nakwenda Siyu, ufuta umekauka, twavuna. Mtandao wa kule wajua ulivyo." Akanibusu mkono. Alipotoka nikafungua sanduku, nikainua dhahabu. Funguo hamna.

Mwongo wa kawaida hudanganya. Huyu aliniapia, akanibusu mkono ule ule anaouibia!

Nikavuka Mokowe. Chini ya mwarobaini palikuwa na doa la mafuta na mbuzi mmoja amelala. Nikampigia. Akapokea, upepo ukivuma kwenye simu.

"Uko wapi?"

"Shambani. Vipi, kwema?"

"Shambani gani?"

"La mama, Thuwaiba. Kuna nini?"

Nikakata. Nikamwandikia: "Ukirudi usipande ngazi. Nyumba ni yangu na mlango ni wangu. Kamwendee huyo unayempenda kuliko kiapo chako."

Nilikaa nikiutazama ule ujumbe. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: "Nimesikia. Mlango ni wako."

Hata kujitetea hakujitetea! Nikaona ndiyo ushahidi wenyewe. Fahima, niliyekuwa nimepatana naye tangu juzi, alikuwa akinisubiri barabarani na gari la mumewe, analiendesha mwenyewe, mkono mmoja nje ya dirisha kama mwanamume.

"Ingia," akasema. "Umekuwa mweupe kama mtele."

"Endesha tu. Leo naachika."

Tulifika kiwanjani jua likiwa kali. Nilitarajia nini sijui, lakini nilichoona kilikuwa kichekesho: mistari ya koni nyekundu, matairi yamerundikwa kwenye kona, na wanaume wenye vitambi wamekaa kwenye viti vya plastiki wakizungumzia breki kwa huzuni, utasema breki zimefiwa. Gari langu lilikuwa ndani, lazunguka. Tukangoja. Likapunguza, likaingia kando, likasimama. Nikalifuata kwa hatua za mtu aendaye kupiga.

"Shuka!"

Mtu ndani akaganda.

"Shuka, mla yamini ya uongo wee! Vua hilo kofia nikuone uso!"

Akavua. Jasho lamtiririka mpaka shingoni, macho yamemtoka pima.

Kaka yangu Famau.

Fahima akasema "Ya Allah!" akajishika mdomo.

"Dada," Famau akasema, "sikiza kwanza."

"Funguo umezitoa wapi?"

"Sandukuni. Ijumaa, ukienda darasani kwako. Sikugusa dhahabu hata moja, wallahi."

"Ala, nikushukuru? Mwizi mchaji Mungu!"

"Gari likikaa tu huharibika. Nilikuwa nalipasha moto."

"Na yule shemeji yako umchekaye barazani kila siku? 'Umefika wapi? Pale pale!' Huyo je?"

Akatazama chini.

"Nilimcheka ili nisishukiwe," akasema. "Mwanzo alinileta yeye mara moja, kabla ya harusi yenu. Nikakaa kando yake tu. Thuwaiba, tangu siku hiyo nikiuza vitambaa nasikia kona."

"Wasikia kona! Mtoto wa Mkomani, mwenye duka la babu yake, asikia kona! Ptu!"

Mwanamke mmoja mwenye fulana ya njano na karatasi mkononi akatujia. Ndiye aliyekuwa akisimamia siku ile, jina lake Nkatha.

"Kuna shida hapa? Madam, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Lakini huyu jamaa alituambia ni yake, ameinunua kwa Amjad." Akamgeukia Famau, na uso wake ukawa wa mwalimu. "Bro, si tulikuambia? Hapa kila mtu anakuja na gari yake. Ukiharibu ya mwenyewe hatutaki kesi. Toka, ukae pale kwa viti. Umemaliza."

Famau akaenda kukaa na vitambi wenzake. Nkatha akanitazama, buibui langu, viatu vyangu vya ngozi.

"Unajua kuendesha?"

"Hata sitaki kujua. Ni upuuzi."

"Basi keti upande huu. Gari ni yako, angalau uione."

Sijui kwa nini niliketi. Hasira pengine. Alinivika kofia juu ya mtandio, akanifunga mkanda, akawasha. Nilikusudia kutazama mbele kwa dharau mpaka imalizike.

Kona ya kwanza tumbo langu lilibaki nyuma. Ya pili nikapiga kelele, na kelele yenyewe ikageuka kicheko nisichokitambua. Gari lilikuwa likitetemeka kote, nikalihisi mgongoni, kwenye meno, na leso yangu ikichapa kioo. Maisha yangu yote mwendo wangu ni wa punda na ngazi. Tuliporudi tulipoanzia Nkatha akapunguza.

"Imetosha?"

"Bado," nikasema. "Zunguka."

Katika mzunguko ule wa pili ndipo nilipoacha kucheka. Nilimwona Amjad msikitini, mbele ya watu, anatoa funguo na kuziweka juu ya sahani ya halua. Nilidhani nimemvua kichezeo. Kumbe mtu alinipa kitu hiki chote, na hakukunja uso. Na mimi nimemwandikia asipande ngazi.

Nikampigia, simu haipatikani. Nikampigia tena, haipatikani. Nikamwita Famau.

"Chukua funguo. Kesho alfajiri uende Siyu, uzitie mkononi mwa Amjad mwenyewe, mbele ya mama yake. Umwambie umeiba wewe. Na umwambie, 'Thuwaiba amekurudishia gari lako.'"

"Basi? Baba humwambii?"

"Nenda kwanza. Na wewe hesabu yako bado."

Nikaona nimefanya tendo kubwa la ukarimu. Nilirudi Amu kichwa juu. Kesho yake nikawa napika, nikingoja mume wangu aje mbio na furaha zake. Adhuhuri simu ikalia ujumbe.

"Nimepokea. Nguo zangu mpe Musab. Mungu akujaalie kheri."

Nikamsomea shangazi Kulthum. Mwiko ukamdondoka kwenye chungu.

"Umempelekea nini?"

"Gari. Nimemrudishia gari lake, nimwombe radhi."

"Gari ni nini lako?"

"Ni mahari ya…"

"Malizia!"

"Mahari yangu."

"Jana umemfungia mlango. Yeo umemrudishia mahari. Mke akirudisha mahari kwa mumewe yaitwaje, wewe uliyehitimu madrasa?"

"Khului," nikasema.

"Umejivua ndoa, Thuwaiba! Umejikomboa mwenyewe kwa mkono wako, na mbele ya mama mtu! Kilichobaki ni yeye kutamka kwa sheikh amekubali. Mwanamke wataka kuomba radhi, mpikie mtu biriani! Hukuambiwa?"

Sikungoja nimalize kulia. Nikamshika Famau, aliyekuwa ndio kwanza anapanda gatini, nikamrudisha kwenye boti.

"Ulimwambiaje?"

"Ulivyonituma. Dada amekurudishia gari lako."

"Na ya kwamba wewe ndiye mwizi?"

"Hiyo… mama yake alikuwa amesimama pale, nikaona haya."

Sikumpiga kwa sababu boti ilikuwa na watu. Tuliingia mkono wa bahari wa Siyu maji yakiwa yamekupwa, tukashuka matopeni, tukashika njia ya miguu, mimi mbele na buibui limejaa tope mpaka magotini, mwenye duka wa Mkomani nyuma yangu amebeba viatu vyangu.

Mama mkwe wangu, Bi Hadia, alikuwa uani akikung'uta ufuta. Alinitazama toka juu hadi chini, hakuharakisha.

"Karibu, mtu wa Amu. Nyumba yetu ya makuti, haina mlango wa nakshi. Hutapata cha kufunga."

"Nisamehe, mama. Nimekosa."

"Sikukosewa mimi. Yuko shambani."

Nilimkuta ameinama anafunga miganda ya ufuta. Aliniona, akaendelea kufunga.

"Umefuata nini? Nguo nilisema apewe Musab."

"Ulitamka?"

"Nini?"

"Neno. Ulikwenda kwa sheikh ukasema umeikubali khului?"

Akavuta mganda mwingine. Famau nikamsukuma mbele.

"Sema!"

"Shemeji," Famau akasema, akiyatazama matope ya miguu yake, "nilikuwa mimi. Gari nilikuwa naliiba mimi, kila Jumamosi. Asubuhi sikukwambia."

"Najua," Amjad akasema.

Mimi ndiye niliyeruka. "Wajua?"

"Mtu anayeuza vitambaa hanuki petroli. Nilijua siku nyingi."

"Na ukaninyamazia? Ukaacha nikutukane?"

Akasimama wima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona na dharau usoni, na ilimkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

"Nikwambie nini, Thuwaiba? Kwamba kaka yako mwizi? Mimi mtu wa Siyu, nimelala kwenye nyumba yako, kitanda chako, nimtaje mwizi mtoto wa mwenye nyumba? Ungeniamini? Hukuniuliza hata swali moja. Uliniambia nisipande ngazi."

Nikakaa chini kwenye majani ya ufuta, nikalia wazi wazi, Famau akaona ni heri akatazame mashua.

"Nilidhani nakupa," nikasema. "Nilikaa ndani yake, yule Nkatha akanizungusha. Nikajua ulinipa nini siku ile. Nikataka urudi kuwa nacho. Sikuwaza khului, Amjad, naapa. Nina akili za ngamia."

"Wa kinu?"

"Wa kinu."

Pembe ya mdomo ikamcheza kidogo.

"Mama tangu asubuhi aniambia, nenda kwa sheikh ukatamke, uondoke kwenye aibu," akasema. "Nikamwambia ngoja nimalize kuvuna ufuta kwanza."

Nikatazama shamba. Robo tatu ilikuwa imekwisha.

"Umebakisha kidogo."

"Nilipofika robo tatu nikaanza kuifungua miganda niifunge tena."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika na kuungika kwa pamoja. Nikainuka, nikanyoosha kiganja.

"Nipe mahari yangu."

"Unarudi kuichukua?"

"Ni yangu. Ulinipa mbele ya sheikh na mbele ya halua. Sikurudishii tena, hata ukilia. Nipe, na uje nyumbani upande ngazi. Na nina sharti."

"Sharti jingine!"

"Unifundishe kuendesha. Ulisema raha ni ya mwenye gari. Basi mwenye gari ni mimi."

Akatoa funguo kwenye mfuko wa shati. Zilikuwa na joto la kifua chake. Aliziweka kiganjani mwangu, akakifumba kwa mikono yake miwili, na Bi Hadia, aliyekuwa amesimama nyuma ya miganda muda wote, akasema kwa sauti:

"Alhamdulillahi. Sasa na mumalize ufuta wangu, nyote watatu."

Tukamaliza.

Famau nilimpeleka barazani mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, watu wamejaa. Baba akiwa katikati, tasbihi mkononi, akamuuliza mtoto wake polepole:

"Famau, mwanangu. Jumamosi zote hizi ulifika wapi?"

Famau akainamisha kichwa. Halafu mzee mmoja wa pembeni akashindwa kujizuia, na baraza zima likapasuka:

"Pale paleee!"

Hukumu ya baba ilikuwa nyepesi na mbaya: kila Ijumaa Famau avuke Mokowe akalioshe gari langu, mchana, watu wakimwona. Mpaka leo analiosha. Mimi humpelekea picha nikimwonesha alipoacha doa.

Kujifunza kulinichukua msimu mzima, kwenye mchanga nyuma ya bandari, Amjad kando yangu hasemi kitu. Nikapata leseni. Na Jumamosi iliyopita nikalipeleka kiwanjani, kofia juu ya mtandio, leso yangu kwenye kioo. Vitambi vyote viligeuka kwenye viti vyao. Niliwatazama kama wanavyotazamwa watu wasio na lao jambo.

Nkatha akainua bendera. "Madam, gari ni yako?"

"Yangu. Ya mahari."

Nikaondoka. Kona ya kwanza Amjad akashika mpini wa mlango. Ya pili akaanza kusoma Ya Latifu. Ya tatu akanishika goti.

"Polepole, mke wangu."

"Gari la nani?"

"Lako, bibi. Lako."

"Basi shika mkanda," nikamwambia, nikakanyaga. "Bado hatujafika pale."